Mwanahisa Aliye Pia Mkurugenzi: Sahihi Yake Inamfunga kwa Nafasi Ipi?

Kati ya barua tulizopokea mwezi huu, tatu zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mtu mwenye hisa anapotia saini mkataba, anajifunga akiwa nani, na nyadhifa zake nyingine katika kampuni hiyo hiyo zinabaki wapi? Nimeamua kuzijibu pamoja. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwa sababu ndiyo inayobeba kanuni ambayo hizo nyingine mbili zinaitegemea.

SWALI: Wakili, salamu nyingi kutoka Nairobi. Mimi na mwenzangu tulianzisha kampuni ya teknolojia inayowahudumia wakulima. Wawekezaji walitutaka tuisajili kampuni mama katika jimbo la Delaware nchini Marekani, nasi tukafanya hivyo. Mimi ni mwanahisa, ni mjumbe wa bodi, na tena ni afisa mkuu mtendaji. Sasa kampuni kubwa ya kigeni inataka kutununua, na nimeletewa mkataba unaonitaka niahidi kwamba nitayapigia kura ya ndiyo mauzo hayo. Ndani yake kuna kifungu kinachosema kwamba natia saini kwa nafasi yangu ya mwanahisa pekee, wala si kwa nafasi ya mkurugenzi. Rafiki yangu mmoja anasema kifungu hicho ni maneno ya kujazia karatasi tu. Mwingine anasema kinanikinga na kila kitu. Nimsikilize yupi? – Msomaji, Nairobi.

JIBU: Ndugu msomaji, usimfuate yeyote kati yao. Kifungu hicho kina kazi kubwa, lakini kazi hiyo ina mpaka, na mpaka wenyewe hauchorwi na kifungu hicho bali na ahadi nyingine zilizomo katika kurasa zinazokitangulia. Ukiahidi jambo ambalo mwanahisa ana mamlaka ya kulitenda, kifungu kitakulinda. Ukiahidi jambo ambalo ni bodi peke yake inayoweza kulitenda, kuandika kwamba umelitenda “kama mwanahisa” hakutabadilisha kitu, kwa maana utakuwa umeahidi usichokuwa nacho.

Katika mazungumzo ya kila siku tunasema mtu fulani amevaa kofia mbili, na picha hiyo inafaa hapa mradi tukumbuke kwamba kila kofia ina sheria yake. Ukiwa mwanahisa, hisa ni mali yako, na kura iliyomo ndani ya hisa ni sehemu ya mali hiyo. Mahakama ya Uingereza ilisema hivyo tangu mwaka 1877 katika kesi ya Pender dhidi ya Lushington, na Mahakama ya Juu ya Delaware ikachukua msimamo unaofanana mwaka 1987 katika kesi ya Bershad dhidi ya Curtiss-Wright: mwenye hisa anaruhusiwa kupiga kura kwa kutazama maslahi yake mwenyewe, na hata kama anamiliki sehemu kubwa kuliko wengine wote, halazimiki kuuza kwa sababu tu wenzake wangefaidika na mauzo hayo. Kwa hiyo unaweza kuuza hisa zako, kuzizuia, au kuahidi jinsi utakavyozipigia kura, na sheria ya kampuni ya Delaware, katika kifungu cha 218, inautambua waziwazi mkataba wa kura ulioandikwa na kutiwa saini na wanahisa.

Ukiingia katika chumba cha bodi, mambo hugeuka. Kifungu cha 141(a) cha sheria hiyo hiyo kinaweka uendeshaji wa kampuni mikononi mwa bodi ya wakurugenzi, na mkurugenzi anawajibika kwa kampuni na kwa wanahisa wote kwa uangalifu na uaminifu. Kura unayoipiga mezani pa bodi si mali yako. Umekabidhiwa, na huwezi kuiuza wala kuiahidi mapema kwa mtu wa nje. Kwenu Kenya kanuni hiyo imeandikwa kwa maneno ya moja kwa moja katika Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015: kifungu cha 143 kinamtaka mkurugenzi aendeleze mafanikio ya kampuni, na cha 144 kinamtaka atumie uamuzi wake huru. Nakutajia sheria ya Kenya kwa sababu huenda kampuni yenu tanzu imesajiliwa huko na wewe ni mkurugenzi wake pia, ingawa mkataba ulio mbele yako utasomwa kwa sheria ya Delaware.

Sasa tazama mauzo yenyewe yanavyokwenda. Kwa kawaida, kampuni ya Delaware inapouzwa kwa kuunganishwa na nyingine, kifungu cha 251 kinadai hatua mbili: kwanza bodi iidhinishe mkataba wa muungano, kisha wanahisa wenye wingi wa kura waupitishe. Mtu mmoja kama wewe anapita katika milango yote miwili, na katika kila mlango anapimwa kwa kipimo tofauti. Mnunuzi, ambaye atatumia fedha nyingi kwa mawakili na wahasibu kabla ya kufika mwisho, anataka uhakika wa mlango wa pili, na ndiyo maana anakuomba uahidi kura yako ya mwanahisa mapema. Ombi hilo ni halali. Shida huanza pale anapotaka, kwa hati hiyo hiyo, akufunge na katika mlango wa kwanza.

Mahakama za Marekani zimelijua jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1919 Charles Stoneham alipata hisa nyingi za kampuni iliyomiliki klabu ya besiboli ya New York Giants, kisha akawauzia John McGraw, aliyekuwa meneja wa timu, na Francis McQuade, aliyekuwa hakimu wa jiji, hisa 70 kila mmoja. Watatu hao wakaandikiana mkataba kwamba kila mmoja angefanya juhudi zote kuhakikisha wenzake wanabaki kuwa wakurugenzi na maafisa wa kampuni kwa mishahara iliyotajwa, naye McQuade akawa mtunza hazina. Mwaka 1928 bodi ikamwondoa McQuade katika wadhifa huo, na Stoneham na McGraw hawakuinua mkono kumtetea. McQuade akaenda mahakamani akiwa na mkataba wake. Mwaka 1934 Mahakama ya Rufani ya New York ilimkatalia. Wanahisa, ilisema, wanaweza kuungana na kukubaliana ni nani watakaowachagua kuwa wakurugenzi. Lakini hawawezi kukubaliana mapema ni nani ambaye wakurugenzi hao watamwajiri na watamlipa nini, kwa kuwa hiyo ni kazi ya bodi, na bodi haina budi kuifanya kwa akili yake yenyewe. (Mahakama ilikuwa na sababu ya pili pia, kwamba sheria haikumruhusu hakimu wa jiji kushika kazi ya aina hiyo.) Miaka miwili baadaye mahakama hiyo hiyo ililegeza kamba katika kesi ya Clark dhidi ya Dodge, ambako wenye hisa walikuwa wawili tu na wote wawili walikuwa wametia saini, hivyo hakukuwa na mwanahisa wa pembeni wa kuumizwa. Ninyi mna wawekezaji, kwa hiyo hesabu yenu iko karibu zaidi na ya McQuade.

Kesi inayokuhusu zaidi, hata hivyo, ni ya Omnicare dhidi ya NCS Healthcare, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Delaware, na ambayo hukumu yake ndefu ilitolewa Aprili 2003. NCS ilikuwa kampuni ya kusambaza dawa kwa nyumba za kulelea wazee na wagonjwa, nayo ilikuwa imezama katika madeni. Mwenyekiti wake, Jon Outcalt, na afisa mkuu mtendaji, Kevin Shaw, walishikilia hisa za daraja la pili ambazo kila moja ilikuwa na kura 10, hivyo wawili hao kwa pamoja walikuwa na wingi wa kura. Julai 2002 kampuni ya Genesis ilikubali kuinunua NCS, kwa sharti kwamba watu hao wawili watie saini mikataba ya kura. Mikataba hiyo ilieleza kwamba Outcalt na Shaw wanatenda kwa nafasi yao ya wanahisa wa NCS, wala si kwa nafasi ya wakurugenzi au maafisa. Kwamba hawatazihamisha hisa zao kabla ya kura. Kwamba watazipigia kura ya ndiyo zote. Na kwamba Genesis inapewa uwakala wa kuzipigia kura hisa hizo, uwakala usioweza kufutwa. Ndicho kifungu chako, msomaji, karibu neno kwa neno.

Omnicare nayo ilikuwa inaitaka NCS, na baadaye ikafikisha ofa yake dola 3.50 kwa hisa, wakati ile ya Genesis, ilipotiwa saini, ilikadiriwa kuwa na thamani ya dola 1.60. Bodi ya NCS ikaondoa pendekezo lake la kuwataka wanahisa waikubali Genesis, lakini kuondoa pendekezo hakukusaidia kitu. Mkataba wa muungano ulilazimisha kura ipigwe vyovyote iwavyo, haukuipa bodi mlango wa kutokea, na wingi wa kura ulikuwa umekwisha kufungwa. Majaji watatu dhidi ya wawili waliamua kwamba mpangilio huo hauwezi kutekelezwa.

Zingatia walichokisema na wasichokisema. Walikubali wazi kwamba Outcalt na Shaw, kama wanahisa, walikuwa na haki kamili ya kuziuza au kuzibadilisha hisa zao kwa bei yoyote waliyoitaka. Walichokikataa ni kitendo cha bodi kuuidhinisha mfungamano wote kwa pamoja, mikataba ya kura ikiwamo, kwa namna iliyoiondolea bodi uwezo wa kutimiza wajibu wake kwa wanahisa wachache waliobaki. Kwa maneno mengine, kifungu cha nafasi kiliitenganisha ahadi ya mwanahisa na wajibu wa mkurugenzi, lakini hakikuweza kuufuta wajibu huo. Hukumu hiyo ililaumiwa na wengi, na majaji wawili waliopinga, akiwamo jaji mkuu, waliandika kwa uchungu kwamba bodi ya kampuni iliyokaribia kuanguka ilikuwa imefanya ilichoweza. Mimi naona majaji walio wengi walikuwa sahihi katika jambo la msingi: pale ambapo watu wawili wanashika kura zinazotosha, mtu wa pekee anayebaki kuwatetea wanahisa wadogo ni bodi, na bodi iliyojifunga mikono haimtetei yeyote. Tangu hapo wanunuzi wengi hukubali kufunga chini ya nusu ya kura, au hukubali kwamba ahadi ya kura itakoma bodi ikibadilisha pendekezo lake. Uliza kama mkataba wako una kimojawapo kati ya viwili hivyo.

Basi usomeje hati uliyoletewa? Anza na tafsiri ya neno “Mwanahisa” katika ukurasa wa mwanzo, kwa sababu mara nyingi mtego uko huko na si katika kifungu cha nafasi. Nimeona hati zinazomfasiri Mwanahisa kuwa ni mtu fulani “pamoja na washirika wake, mawakala wake, maafisa wake na kampuni zote anazozidhibiti”. Kama wewe ndiye unayehesabiwa kuidhibiti kampuni inayouzwa, tafsiri hiyo imeiingiza kampuni yenyewe ndani ya ahadi zako. Omba iandikwe kwamba kampuni inayouzwa na kampuni zake tanzu hazihesabiwi kuwa washirika wa Mwanahisa. Tazama pia ni hisa zipi zinazohusika: zilizoandikwa kwa jina lako leo tu, au na zile utakazozipata baadaye ukitumia haki yako ya kununua hisa.

Kisha pekua vitenzi. Ahadi kama “atapiga kura”, “hatauza”, “hataweka rehani”, “hatadai tathmini ya mahakama” (yaani hataiomba mahakama ithamini hisa zake) ni ahadi za mwenye mali. Lakini ukikuta “atahakikisha kwamba Kampuni inafanya” au “ataitaka bodi”, simama hapo. Huyo ni mkurugenzi anayesemeshwa kwa mdomo wa mwanahisa. Ahadi ya kutowatafuta wanunuzi wengine ndiyo ngumu kuliko zote, kwani mtu yule yule anayepigiwa simu na mnunuzi wa pili ni mwanahisa na ni afisa mkuu mtendaji kwa wakati mmoja, na hakuna anayeweza kusema simu hiyo imempata akiwa na kofia ipi. Njia ya haki ni kuiandika ahadi hiyo ili ikuzuie kama mwanahisa kwa kadiri ile ile tu ambayo kampuni imezuiwa na mkataba wa muungano, na kwamba pale ambapo bodi inaruhusiwa kuzungumza na mtu, wewe nawe unaruhusiwa kushiriki katika mazungumzo hayo.

Baada ya hapo ndipo ukiangalie kifungu cha nafasi chenyewe. Kilichoandikwa vizuri husema hivi, au maneno ya maana hiyo:

“Mwanahisa anaingia katika Mkataba huu kwa nafasi yake ya mmiliki wa Hisa Husika pekee. Hakuna neno lolote katika Mkataba huu litakalomzuia Mwanahisa, au mwakilishi wake yeyote aliyemo katika bodi, kutenda au kuacha kutenda jambo lolote kwa nafasi ya mkurugenzi au afisa wa Kampuni, na kutenda au kuacha kutenda huko hakutahesabiwa kuwa uvunjaji wa Mkataba huu.”

Hati nyingi zina sentensi ya kwanza tu. Sentensi ya kwanza hutaja kofia uliyovaa wakati wa kusaini. Ni ya pili inayosema nini kitatokea kesho utakapoivaa ile nyingine, na maneno yake ya mwisho ndiyo yatakayokuokoa siku mnunuzi atakapodai fidia kwa sababu ulipiga kura ya hapana katika kikao cha bodi. Maneno “mwakilishi wake yeyote” yanawahusu wawekezaji wenu, ambao huenda ni mfuko uliomweka mtu wake katika bodi. Huyo naye anawajibika kwa kampuni, hata kama mshahara wake unatoka kwa mfuko. Usisahau lakini kwamba kifungu hiki kinazuia tu madai chini ya mkataba wako wa kura. Bodi ikifanya jambo linaloukiuka mkataba wa muungano, kampuni itadaiwa chini ya mkataba huo, hivyo hati hizo mbili zisomwe kwa pamoja, tena na wakili mmoja.

La mwisho kwako ni dogo kwa macho, na linaharibu kazi nyingi nzuri. Ukurasa wa sahihi usiwe na cheo chako. Chini ya mstari liandikwe jina lako na idadi ya hisa, basi. Sisi Afrika Mashariki tumezoea kwamba hati bila muhuri haijakamilika, na nimewahi kuona mwanahisa akitia sahihi yake, akaandika “Mkurugenzi” chini yake, kisha akagonga muhuri wa kampuni juu ya vyote. Mkataba ulisema kwa kurasa kadhaa kwamba anatenda kama mtu binafsi, na ukurasa wa mwisho ukasema kinyume. Muhuri wa kampuni ubaki kwenye mkataba wa muungano, ambao ndio kampuni inausaini.

SWALI: Wakili, shikamoo. Baba yetu alifariki na kuacha hisa katika kampuni ya familia ya usafirishaji. Mahakama imeniteua kuwa msimamizi wa mirathi. Nina hisa chache kwa jina langu mwenyewe, na ni mmoja wa wakurugenzi. Amekuja mwekezaji anayetaka wanahisa wote watie saini mkataba wa wanahisa. Hati yake ina mstari mmoja tu wa sahihi yangu. Je, unatosha? – Msomaji, Moshi.

JIBU: Marahaba. Hautoshi. Wewe ni watu watatu katika kampuni hiyo: mmiliki wa hisa zako, msimamizi wa hisa za marehemu, na mkurugenzi. Sahihi moja isiyoelezwa itafungua ubishi kuhusu ni yupi kati yao aliyesaini, na ubishi huo utawakuta warithi wenzako kabla haujamkuta mwekezaji.

Omba mistari miwili, mmoja ukisaini kwa hisa zako binafsi, wa pili ukisaini “kama msimamizi wa mirathi ya marehemu” na jina lake, huku namba ya shauri la mirathi ikitajwa. Tofauti hiyo ina uzito wa fedha. Katika mstari wa pili unapaswa kueleza kwamba wajibu wowote utalipwa kutokana na mali ya mirathi na si kutoka mfukoni mwako, na kwamba ahadi hizo zitakwenda na hisa zitakapogawiwa kwa warithi. Tena usiahidi kwa niaba ya mirathi jambo ambalo hungeweza kulieleza mbele ya mahakama iliyokuteua. Mwekezaji akikupa wewe binafsi nafasi ya kazi au bei nzuri zaidi kwa hisa zako, waambie warithi mapema, kwa maandishi.

Huenda ukaambiwa kwamba kampuni haijali unashikilia hisa kwa niaba ya nani. Hilo lina ukweli wa nusu. Sheria za kampuni tulizorithi kutoka Uingereza zina kanuni ya kale kwamba daftari la wanahisa haliandiki amana, yaani halionyeshi hisa zinashikiliwa kwa niaba ya nani. Kampuni humtambua yule aliyeandikwa jina. Lakini Tanzania na Kenya sasa zinazitaka kampuni ziwasilishe kwa msajili taarifa za wamiliki manufaa, yaani wale ambao mwishowe ndio wenye hisa kwa kweli, hivyo hati ya mkataba na taarifa zilizoko BRELA, ofisi ya msajili wa kampuni Tanzania, zisipingane.

Kuhusu ukurugenzi wako, kuna kesi ya kale ya Uingereza ambayo bado inafundisha. Katika kesi ya Beattie dhidi ya E. and F. Beattie ya mwaka 1938, mkurugenzi aliyekuwa pia mwanahisa alitaka mgogoro wake upelekwe kwa msuluhishi, kwa kuwa katiba ya kampuni ilisema migogoro kati ya kampuni na wanachama wake iende huko. Mahakama ilimkatalia: alikuwa akidaiwa kama mkurugenzi, na kifungu hicho kiliwahusu wanachama kwa nafasi yao ya uanachama. Mwekezaji wako bila shaka ameweka kifungu cha usuluhishi. Kama mnataka kihusu pia migogoro ya wakurugenzi, kiseme hivyo. Kikinyamaza, usitegemee kwamba uanahisa wako utaupeleka mgogoro wako kwa msuluhishi.

SWALI: Kaka wakili, nakuandikia kutoka Minneapolis. Nilifanya kazi katika kampuni moja hapa, nikapewa haki ya kununua hisa, nikazinunua kabla ya kuacha kazi. Kampuni hiyo, iliyosajiliwa Delaware, imeuzwa. Nimetumiwa fomu ya kudai malipo ya hisa zangu, na katikati ya fomu imeandikwa kwamba nasamehe madai yote niliyo nayo dhidi ya kampuni na mnunuzi, “kwa nafasi yoyote ile”. Bado nawadai bonasi yangu ya mwaka wa mwisho. Nisaini? – Msomaji, Minnesota.

JIBU: Ndugu yangu, usisaini kwanza. Hapa jambo limegeuzwa. Msomaji wa Nairobi anataka neno “mwanahisa” liwe jembamba ili lisimguse akiwa mkurugenzi; wewe umeletewa hati inayolifanya pana mno, ili malipo ya hisa yazike na mshahara. Unalipwa kama mwanahisa, kwa hiyo msamaha unaotoa, kama kuna wowote, uwe wa madai ya mwanahisa.

Tena huenda hulazimiki kutoa hata huo. Mwaka 2014 Mahakama ya Chancery ya Delaware, inayosikiliza kesi za kampuni, iliamua kesi ya Cigna dhidi ya Audax. Audax ilikuwa imeuzwa kwa Optum, na Cigna, mwanahisa aliyekuwa hajaunga mkono mauzo hayo, alitakiwa asamehe madai katika fomu ya kuchukulia malipo. Mahakama ilisema sharti hilo halitekelezeki kwa sababu Cigna hakupewa chochote kipya badala yake. Fedha za hisa zilikuwa tayari haki yake tangu muungano ulipokamilika. Kwa hiyo tafuta nakala ya mkataba wa muungano uone kama msamaha umetajwa humo kuwa sehemu ya makubaliano yenyewe, au umechipukia kwenye fomu tu.

Lakini kabla ya kuringia kesi hiyo, pekua karatasi ulizosaini siku uliponunua hisa. Kampuni nyingi huwataka wafanyakazi waingie katika mkataba wa wanahisa wenye ahadi za kuunga mkono mauzo yoyote yatakayopitishwa na walio wengi, na za kutodai tathmini ya mahakama. Mwaka 2021, katika kesi ya Manti Holdings dhidi ya Authentix, Mahakama ya Juu ya Delaware ilithibitisha kwamba mwanahisa anaweza kujifunga kuiacha haki hiyo ya tathmini. Majaji walitilia mkazo kwamba waliosaini walikuwa wawekezaji wazoefu, wenye mawakili na nguvu ya kujadiliana. Mfanyakazi aliyepewa fomu siku ya kwanza kazini ana hoja ya kujitofautisha nao, ila ni hoja tu, si kinga.

Angalia na tarehe ya notisi. Pale muungano ulipoidhinishwa kwa maandishi bila mkutano, kama ilivyo desturi kwa kampuni ambazo hisa zake haziuzwi sokoni, anayetaka mahakama ithamini hisa zake chini ya kifungu cha 262 cha sheria ya kampuni ya Delaware anapaswa kudai kwa maandishi ndani ya siku 20 tangu notisi itolewe, na siku hizo hazisubiri majibizano yenu kuhusu fomu.

Mwandikie wakala wa malipo, nakala kwa kampuni, kwamba uko tayari kusalimisha hisa zako na kuthibitisha umiliki wako, na uombe aya ya msamaha iondolewe. Wakikataa, na ukaona bei ya hisa inakutosha, pendekeza sentensi hii iongezwe mwishoni mwa aya hiyo: “Msamaha huu unahusu madai ya anayesamehe kwa nafasi yake ya mwanahisa pekee, wala haugusi mshahara, bonasi, mafao au haki nyingine yoyote aliyoipata kwa nafasi yake ya mwajiriwa.” Mnunuzi mwenye nia njema hana sababu ya kuikataa. Na barua ya kudai bonasi ipeleke peke yake, kwa mwajiri wako wa zamani, bila kuichanganya na fomu ya hisa.